Land Rover 109 ya mwaka 1976: je, nifunge tairi dabo nyuma?

MaziwaKiserian aliuliza:

Hamjambo wadau. Nina Land Rover 109 Series III, pikapu ya mwaka 1976, injini ya petroli ya silinda nne, ile ya lita 2.25. Ilikuwa ya marehemu baba. Kazi yake ni maji na nyasi. Nafuga ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya Kiserian, na kiangazi kikishika nachota maji kwenye kisima kilicho upande wa pili wa kilima. Tangi ni lile jeupe la mraba la lita 1000, lenye kizimba cha chuma. Halitoshei kati ya maboksi ya tairi nyuma, kwa hiyo limekaa juu ya mbao.

Likijaa, gari linayumba vibaya kwenye kona. Dereva wangu amekataa kuteremka nalo kilima, na simlaumu.

Fundi mmoja wa Industrial Area amenishauri nifunge tairi dabo, mbili kila upande wa nyuma. Atakereza spesa nene za chuma, vile vipande vya kusogeza tairi nje, ekseli ibaki ileile. Anasema gari litabeba tani mbili na halitayumba tena. Alinionyesha picha ya Land Cruiser ya zamani iliyofungwa hivyo, na kweli linapendeza, limekaa kama lori dogo.

Naomba mnisaidie. Ekseli itahimili? Foo-wili, yaani magurudumu yote manne kuvuta, itaendelea kufanya kazi? Maana mvua ikinyesha, bila foo-wili sifiki kwangu. Na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, watasemaje? Sitaki gari la baba liharibike, nataka lifanye kazi miaka mingine mingi.

SpeaGrogan:

Mama, achana na spesa. Tafuta ekseli nzima ya Canter, lile lori dogo la Mitsubishi, hapa Grogan kwenye spea hazikosekani. Unakata vikalio vya springi, unavichomelea mahali papya, unarefusha propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, umemaliza. Habu zake, yaani vitovu ambapo rimu hufungwa, zimetengenezwa kubeba tairi mbili tangu kiwandani. Nina mteja mwenye Land Cruiser ya hivyo, anabeba mchanga wa Machakos kila wiki.

MkerezaKariobangi:

Mama Kiserian, usilipe hata shilingi kabla hujanisoma mpaka mwisho. Mimi ni mkereza, karakana yangu iko Kariobangi Light Industries. Spesa za aina hiyo huletwa kwangu nizikereze, na nazikataa. Nitakueleza sababu kwa vipimo.

Uzito wa mzigo unatoka kwenye chasisi, unapita kwenye springi, unaingia kwenye ekseli, unafika kwenye beringi za habu, ndipo unashukia kwenye rimu na tairi. Tairi ndiyo kituo cha mwisho. Ukiongeza tairi umeimarisha hapo mwisho tu. Chasisi ni ileile, springi zilezile, beringi zilezile na dramu za breki zilezile za inchi 11. Anayekuambia gari litabeba tani mbili amehesabu tairi peke yake. Kiwanda kiliipangia 109 mzigo wa karibu tani moja, pamoja na watu waliokaa mbele. Maji lita 1000 ni kilo 1000. Hapo tayari umefika mwisho wa uwezo wake kabla dereva hajapanda.

Sasa spesa. Kutoka katikati ya tairi ya kushoto hadi katikati ya tairi ya kulia, 109 ina kama mita 1.3. Tairi ya 7.50-16 ina upana wa karibu milimita 215. Ukifunga mbili ubavu kwa ubavu lazima uache nafasi, kwa sababu tairi yenye mzigo hutanuka chini, na zikigusana zinasuguana na kuungua. Kwa hiyo kutoka katikati ya moja hadi katikati ya mwenzake ni kama milimita 245. Ile ya ndani haiwezi kusogezwa ndani zaidi, springi na chasisi zinaizuia. Ya pili yote inakwenda nje. Jumlisha pande mbili, upana wa gari nyuma unapita mita 2, ilhali bodi yako ni kama mita 1.69. Kila upande tairi itachomoza sentimita 16 hivi nje ya bodi, na utahitaji madigadi mapya.

Lakini upana si neno. Neno ni hili: waliochora gari lile walipanga beringi mbili za kila habu zikae karibu na pale uzito wa tairi moja unaposhukia. Ukiweka dabo kwa spesa, pale pa kushukia panasogea nje milimita 120 hivi. Beba ndoo ya maji mkono ukiwa umening'inia ubavuni, kisha ibebe mkono umenyooka mbele yako. Ndoo ni ileile, bega linajua tofauti. Na hiyo milimita 120 ni pale barabara iko sawa kabisa. Tairi ya nje ikipanda jiwe, au ya ndani ikipata pancha, uzito wote wa upande ule unashukia milimita 245 nje ya ulipopangiwa. Beringi ya nje inaanza kulia, inapata moto, grisi inayeyuka, na mwisho ncha ya ekseli inayobeba habu inapinda au inakatika. Ikikatika, gurudumu linaondoka na habu yake na dramu yake, yaani upande huo hauna breki tena. Mteremko wa kwenu naujua. Siwezi kuchangia jambo kama hilo litokee pale.

Kuna na nati. Rimu za Land Rover hukaa kwa nati yenye ncha ya koni, na ile koni ndiyo inayoiweka rimu katikati. Ukibana rimu mbili kwa nati moja, ya nje tu ndiyo inayokaa katikati, ya ndani imebanwa kwa msuguano basi. Inacheza kidogo kidogo, tundu za stadi zinapanuka, stadi zinakatika moja baada ya nyingine. Lori za dabo zina mpango wake: nyingi za Kijapani, rimu ya ndani ina nati yake, ya nje ina nati yake juu ya ile, na upande wa kushoto uzi unazunguka kinyume. Huo mpango hauletwi na spesa.

Lenye faraja: nyuma ya 109 yako hafu shafti, ile fimbo ya ndani ya ekseli, haibebi uzito, inazungusha gurudumu tu. Kuna magari ya zamani ambayo hafu shafti inabeba na kuzungusha kwa pamoja, na kwa hayo spesa ni hatari maradufu. Lala chini uchungulie mgongo wa difu yako, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Ukiona kifuniko cha duara kilichofungwa kwa bolti kuzunguka, hiyo ni Salisbury, ekseli imara sana. Ukiona mgongo laini usio na bolti, ni ile nyepesi ya Rover. Tuambie.

Na ndugu SpeaGrogan, ekseli ya Canter ni wazo bora kuliko spesa, nakubali. Ila umesahau kwamba mama ameuliza habari ya foo-wili.

HJ47Syokimau:

Nadhani aina ya gari aliyoonyeshwa mama kwenye picha ndiyo ninayoendesha. Langu ni Land Cruiser HJ47, pikapu, injini ya 2H, dizeli ya lita 4.0. Nyuma nimefunga ekseli ya Canter yenye tairi dabo. Mimi ni mchomeleaji, nabeba jenereta, mashine ya kuchomelea, mitungi ya gesi na vyuma, kutoka Nairobi hadi Kajiado na Namanga. Nalipenda gari hili kuliko chochote ninachomiliki, kwa hiyo nitasema ukweli wote.

Kwanza uzuri wake. Kwenye lami likiwa na mzigo linatulia ajabu. Upepo wa pale Isinya ambao zamani ulikuwa unanisukuma, sasa siusikii. Tairi moja ya nyuma ikipata pancha naweza kujikongoja polepole hadi mahali salama bila gari kulala upande.

Sasa gharama yake, na hapa sisemi fedha. Difu ya mbele ya Land Cruiser hii inazungusha propela mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Difu za Canter nyingi ni zaidi ya 5. Foo-wili ya magari haya ya zamani, ukishaiingiza, inafunga propela ya mbele na ya nyuma pamoja zizunguke sawa. Sasa gurudumu la mbele linataka kwenda umbali huu, la nyuma umbali ule, na hakuna cha kuwapatanisha isipokuwa tairi kuteleza au kitu kuvunjika. Nilijua hilo tangu mwanzo, kwa hiyo niliondoa propela ya mbele kabisa. Gari langu halina foo-wili. Kwa kazi yangu inatosha. Kwa mama wa Kiserian anayehitaji kupanda kilima cha tope, huo ndio mwisho wa mazungumzo, labda abadilishe na difu ya mbele ilingane, na hiyo ni safari nyingine.

Anayetaka kupima difu yake, ni rahisi: inua magurudumu yote mawili ya nyuma, zuia gari vizuri kwa mawe na stendi, weka gia huru, weka alama ya chaki kwenye propela. Mmoja azungushe magurudumu yote mawili kwa pamoja mzunguko mmoja kamili, mwingine ahesabu propela. Fanya mizunguko kumi ugawanye, utapata jibu safi zaidi.

Mengine: kikalio cha springi kikichomelewa pembe isiyo sahihi, propela inatetema na kula msalaba wake, yaani kiungio chake, nami nililipima hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyochomelea. Propela iliyorefushwa lazima ikasawazishwe kwenye mashine. Silinda za breki za Canter ni kubwa, zinataka mafuta mengi kuliko pampu ya zamani inayoweza kusukuma, kwa hiyo pampu kuu nayo ilibidi ibadilike, la sivyo kanyagio linazama hadi sakafuni. Habu za mbele na za nyuma haziingiliani rimu, basi natembea na speatairi mbili. Na kwa kuwa difu ya Canter inataka propela izunguke mara nyingi zaidi, injini inapiga kelele kwenye mwendo ambao zamani ilikuwa imepumzika.

Halafu mawe. Kwenye barabara ya marramu jiwe linaingia kati ya tairi mbili na kung'ang'ania. Usipolitoa linakula ubavu wa tairi, au linachomoka kwa kasi na kwenda kwenye kioo cha aliye nyuma yako. Kila ninapotoka kwenye vumbi nasimama, nazunguka na taa na nyundo, nagonga na kuchungulia. Huo ni wajibu, mtoto wa mtu anaweza kuwa nyuma.

SpeaGrogan:

Nimeelewa hapo kwa foo-wili, nashukuru. Wateja wangu wengi ni wa lami na mchanga wa mtoni, hawaulizi. Swali kwa mzee mkereza: si mchangani tairi dabo ni bora, maana zinakanyaga eneo kubwa?

MkerezaKariobangi:

Mchanga ambao haujapitwa, ndiyo, zinaelea vizuri. Lakini ukishafuata alama za gari lingine mambo yanageuka. Tairi ya mbele inachimba mfereji mmoja mwembamba. Nyuma una tairi mbili, moja au zote haziendi ndani ya mfereji ule, kwa hiyo nyuma inachimba njia yake mpya na injini inalipa. Mitsubishi wana Canter ya foo-wili ya kiwandani, ile FG, na inakuja na dabo nyuma. Huko Australia wenye magari hayo wanaokwenda jangwani wengi hutoa dabo na kuweka tairi moja moja kubwa, ili nyuma ifuate njia ya mbele. Wao wanalipa pesa kuondoa kile ambacho sisi tunalipa pesa kukiweka.

Na kwenye udongo mweusi wa Kitengela na huko chini ya Ngong, dabo ni balaa. Tope linajaa kati ya tairi, linashikana, mwisho una gogo moja la udongo linalozunguka bila meno. Tairi nyembamba ya 7.50 inakata tope na kutafuta chini pagumu. Ndiyo maana Landi za zamani zilipita pale ambapo magari mapana yalilala.

Nisieleweke kwamba napinga dabo kwenye foo-wili kwa ujumla. Jeep walitengeneza FC-170 yenye dabo nyuma kiwandani, miaka ya 1950 ikielekea mwisho. Lakini ile ilichorwa hivyo kuanzia ekseli.

MaziwaKiserian:

Wazee na ndugu, Mungu awabariki. Nimelala chini mwenyewe nikachungulia: kuna kifuniko cha duara chenye bolti kuzunguka. Kwa hiyo ni Salisbury?

Tairi zangu zimeandikwa 7.50R16, kisha 122/118. Moja ya nyuma ni mpya, nyingine ni kuukuu. Fundi aliniambia hizo namba mbili zinaonyesha kwamba tairi hizi zinafaa dabo.

Nikiacha dabo, nifanye nini na kuyumba? Ng'ombe hawasubiri.

MkerezaKariobangi:

Ndiyo mama, ni Salisbury. Itunze.

Hizo namba ni za uzito. 122 ni kilo 1500 tairi ikifanya kazi peke yake, 118 ni kilo 1320 ikiwa kwenye dabo. Inapunguzwa kwa sababu tairi mbili hazigawani mzigo sawasawa hata siku moja. Sasa angalia: tairi zako mbili za nyuma, moja moja kama zilivyo, zinabeba kilo 3000 zikiwa na upepo kamili uliopangiwa. Gari lako zima na mzigo wake halali halifiki hapo. Tairi hazijawahi kuwa tatizo lako.

Hiyo mpya na kuukuu ibadilishe. Kama ungefunga dabo, tairi za saizi hii zikipishana kipenyo zaidi ya milimita 6, kubwa inabeba na ndogo inaburutwa. Kwako hazipo ubavu kwa ubavu, lakini nyuma kushoto na nyuma kulia zikipishana sana difu inafanya kazi bila kupumzika, na ukiingiza foo-wili mbele na nyuma zinavutana.

Kuyumba kunatoka kwenye tangi. Umesema limekaa juu ya mbao kwa sababu halitoshei kati ya maboksi. Nafasi kati ya maboksi ya 109 ni kama sentimita 92, tangi lile lina upana wa mita moja na kimo cha mita moja na zaidi. Kwa hiyo umepandisha tani moja ya maji juu ya maboksi, na katikati ya uzito huo iko karibu na kimo cha dirisha la dereva. Halafu tangi likiwa nusu ni baya zaidi kuliko likijaa, maana maji yanakimbia. Ukikata kona kushoto yanakwenda kulia yote na kuusukuma ubavu, ukikanyaga breki yanakuja mbele, yanarudi, yanakuja tena. Dereva wako alikuwa sahihi kabisa kukataa, na ningependa umwambie hivyo.

Tafuta mchomeleaji akutengenezee tangi la chini, la kukaa kati ya maboksi, juu ya sakafu yenyewe. Urefu mita 1.8, upana sentimita 90, kimo sentimita 40. Hilo linachukua lita kama 650. Ongeza uzito wa chuma na wa dereva, bado uko ndani ya uwezo wa gari. Utakwenda safari mbili badala ya moja, lakini kila safari itafika. Tangi lifungwe kwenye chasisi kwa bolti na mipira. Usilifunge kwenye bodi, bodi yako ni aluminiamu na itapasuka.

Kisha springi za nyuma. Baada ya miaka hii yote zimelala, na nadhani upande mmoja umelala zaidi. Zitolewe, majani yaliyovunjika yabadilishwe, bushi za mpira ziwe mpya, yu-bolti ziwe mpya kwa sababu za zamani zimeshavutika. Shokamzoba nne. Beringi za nyuma zifunguliwe, zioshwe, zitiwe grisi na kurekebishwa. Breki za nyuma zitazamwe siku hiyohiyo, mafuta ya difu yakivuja kupitia sili huishia kwenye viatu vya breki. Pesa za spesa, rimu na tairi mbili za ziada zielekeze huko.

HJ47Syokimau:

Kuhusu NTSA: mabadiliko ya kimuundo yanatakiwa kukaguliwa na kuandikwa. Langu lilipitia kituo cha ukaguzi wa magari cha Likoni Road, Nairobi, kabla sijalibebesha kitu. Iambie na kampuni ya bima kwa maandishi. Gari lililobadilishwa kimyakimya likipata ajali, kampuni ya bima ina sababu ya kutolipa, na waliojeruhiwa ndio watakaobaki wakiteseka. Tangi la mama ni mzigo uliofungwa kwa bolti, ekseli haijaguswa, lakini akienda ukaguzi wa kawaida awaonyeshe na awaulize.

Mama, tangi nitakuchomelea mimi kama utapenda. Lete gari Syokimau nipime ndani ya bodi mwenyewe, maboksi ya hizi Landi hayalingani yote, mengine yameshapigwa nyundo.

MaziwaKiserian:

Nitalileta Jumamosi baada ya kukamua. Nimempigia yule fundi nikamwambia spesa asikereze. Swali la mwisho: hayo maji kukimbia ndani ya tangi, hata hilo la chini si yatakimbia?

MkerezaKariobangi:

Yatakimbia kama tangi ni tupu ndani. HJ47, mwekee kuta za ndani: mbili za kukata urefu, ili maji yasije mbele kwa kishindo breki zikikanyagwa, na moja ya katikati kutoka mbele hadi nyuma, kwa ajili ya kona. Kila ukuta uache upenyo chini ili maji yashuke yote kwenye koki, na upenyo juu ili hewa ipite wakati wa kujaza. Tundu za katikati ya kila ukuta ziwe ndogo. Kingo zote zisagwe laini kabla hujafunga juu, kisha paka rangi ya ndani inayofaa maji ya kunywa, maana ng'ombe watayanywa na watu watakunywa maziwa yao. Mdomo wa kujazia uwe mpana wa kutosha mkono kuingia na brashi.